Pengo Lililozibwa

Kila hadithi inayoendelezwa hujitwika deni. Sehemu ya kwanza hukopa mapenzi ya msikilizaji kwa ahadi kwamba watu aliowapenda hawakuletwa bure. Sehemu inayofuata hutakiwa kulipa. Mhusika arudipo, harudi mikono mitupu. Hurudi na mambo aliyoyatenda, na maneno aliyoyasema, na majeraha aliyoyapata mbele ya macho ya watu. Ikiwa mtunzi amemwita ili aonekane tu, asalimu, kisha aende zake, deni halikulipwa. Limetajwa tu mbele ya mdai.

Ziko hadithi ambazo hazina deni hili. Abunuwasi hurudi katika kila ngano akiwa yule yule, na Sungura humhadaa Fisi leo kama kwamba hakumhadaa jana. Hapana amwulizaye Abunuwasi habari ya kisa kilichopita, wala Fisi hajifunzi. Msikilizaji ajua mapema kuwa kila ngano ni siku mpya, na kwa sababu hiyo hadai kitu. Lakini hadithi ikisema waziwazi kwamba itakumbuka kila jambo, na kwamba tendo la mwaka huu litahesabiwa mwaka ujao, imejifunga kwa ahadi, na ahadi ni deni.

Katika sanaa ya michezo ya video, ahadi hiyo imepata kutolewa kwa ukamilifu mkubwa katika hadithi ya Mass Effect. Hadithi hii ilitungwa na kampuni ya BioWare ya mji wa Edmonton, nchini Kanada, na ilitolewa kwa sehemu tatu: ya kwanza mwaka 2007, ya pili mwaka 2010, na ya tatu mwaka 2012. Shujaa wake ni Kamanda Shepard, ambaye huweza kuwa mwanamume au mwanamke kwa hiari ya mchezaji, na merikebu yake ya angani huitwa Normandy. Adui ni mitambo mikubwa iitwayo Reapers, ambayo hurudi baada ya kila miaka elfu hamsini kuangamiza viumbe wenye ustaarabu. Jambo lililoitofautisha hadithi hii na nyingine nyingi ni kumbukumbu yake. Mchezaji aliyemaliza sehemu ya kwanza aliweza kuyachukua maamuzi yake yote na kuyaingiza katika sehemu ya pili, na kutoka huko katika ya tatu. Aliyeokolewa alikuwa hai. Aliyeachwa afe alikuwa amekufa. Hata Shepard mwenyewe akifa mwishoni mwa sehemu ya pili, kumbukumbu ile haikubaliwi katika ya tatu: mlango umefungwa. Kwa nje, hii ilikuwa heshima kubwa kupata kupewa mchezaji na mtunzi.

Sehemu ya pili ndiyo iliyolifanya deni kuwa kubwa. Shepard alitakiwa kuvamia ngome ya Collectors, viumbe waliokuwa wakiteka wanadamu kutoka katika makao yao ya mbali, na safari hiyo ilihesabiwa na wote kuwa safari ya kufa. Basi karibu hadithi nzima ni kazi ya kukusanya watu. Waliweza kupatikana masahaba kumi na wawili, wawili kati yao wakiwa ni nyongeza zilizotolewa mbali: mganga, mwuaji wa kukodiwa, mfungwa, mwizi, askari mzee, mlinzi wa sheria, hata mashine yenye nafsi. Kila mmoja alikuwa na jambo lililomsumbua moyoni, na kila mmoja alimwomba Shepard msaada wa kulimaliza. Aliyesaidiwa alikwenda vitani na moyo mtulivu. Aliyepuuzwa alikwenda na moyo uliogawanyika. Katika ngome ile mtu mmoja alipaswa kupita katika mirija ya moto, mwingine kuongoza kikosi cha pili, mwingine kuwakinga wenziwe na wadudu kwa nguvu za akili yake. Aliyechaguliwa vibaya aliweza kufa, au kuwaua wenzake. Wote waliweza kurudi salama. Karibu wote waliweza kupotea.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakupata kuucheza mchezo huu jinsi usiku ule wa mwisho ulivyowashika watu. Msomaji wa riwaya humlilia aliyekufa, lakini hawezi kujilaumu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Mchezaji humlilia aliyekufa na kujua kuwa ni yeye aliyemtuma. Aliyewarudisha wote aliona kuwa amewapata kwa kazi ya mikono yake, kama mvuvi aliyerudi pwani na kila baharia aliyeondoka naye. Watu hao aliwatunza katika kumbukumbu ya mashine yake kwa miaka miwili, akingoja vita vikuu vilivyoahidiwa.

Vita vilipofika mwaka 2012, kati ya kumi na wawili wale ni wawili tu waliopewa tena nafasi ya kwenda vitani bega kwa bega na Shepard: Garrus na Tali, ambao walikuwapo tangu sehemu ya kwanza. Wengine walitawanywa. Kila mmoja aliwekwa mahali pake, katika kisa kimoja au viwili, akingoja kukutwa. Shepard hufika, husaidia, huzungumza, kisha rafiki huandikwa katika daftari la nguvu za vita, na jina lake hupewa tarakimu. Kabla ya pambano la mwisho mjini London, baadhi yao huaga kwa maneno machache kutoka mbali, kwa sura iliyoumbwa na mwanga. Baada ya hapo hawaonekani vitani. Waliovuka kaburi pamoja na Shepard wamekuwa mistari ya hesabu.

Lawama ya kawaida husema kuwa walipewa muda mfupi. Lawama hiyo ina haki kidogo, lakini haikugusa kiini. Ufupi wenyewe si dhambi. Jack ni mfano. Katika sehemu ya pili alikuwa mfungwa mkali, mwanamke aliyeteswa tangu utoto na chama cha Cerberus kwa majaribio ya nguvu zake, naye hakumwamini mtu. Katika sehemu ya tatu hukutwa katika shule ya Grissom akiwa mwalimu wa vijana wenye nguvu kama zake, akiwatetea kwa ukali ule ule uliokuwa zamani wa kujitetea mwenyewe. Kisa ni kifupi, lakini chatosha. Mtoto aliyenyimwa mlinzi amekuwa mlinzi wa watoto. Hapo mhusika hakurudi kujionyesha. Amerudi kujibu swali aliloliacha nyuma yake.

Kiini cha hasara ki mahali pengine. Mtunzi wa sehemu ya tatu aliandika huku akijua kwamba karibu kila mmoja wa watu wale huenda amekufa. Katika nyumba ya mchezaji huyu Grunt yu hai. Katika nyumba ya jirani amezikwa. Nguzo ambayo huenda haipo haiwezi kubebeshwa dari. Basi mtunzi alifanya jambo ambalo lingefanywa na fundi yeyote mwenye tahadhari: alijenga nyumba inayosimama bila ya nguzo hizo, na kwa kila nguzo akaweka mti wa akiba. Mordin akiwa amekufa, kazi yake hufanywa na mtaalamu mwingine aitwaye Padok Wiks. Wrex akiwa amekufa, Wakrogan huongozwa na Wreav. Grunt akiwa amekufa, kikosi chake huongozwa na Dagg. Legion akiwa hayupo, mahali pake hushikwa na mashine nyingine isiyokuwa na historia naye. Kila pengo lilikuwa na kizibo chake tayari.

Mfano mchungu kuliko yote ni malkia wa rachni. Mwaka 2007, katika theluji ya Noveria, mchezaji alisimamishwa mbele ya malkia huyo, wa mwisho wa kabila lake, akaambiwa aamue: amwache huru, au aliangamize kabila zima. Katika sehemu ya pili, aliyemwachia huru alipata kuletewa ujumbe kutoka kwake wa shukrani na ahadi ya msaada. Wachezaji walibishana juu ya uamuzi huo kama wanavyobishana watu juu ya jambo la haki. Katika sehemu ya tatu, malkia aliyeachwa huru amekamatwa na Reapers na kufungwa pangoni. Na yule aliyeuawa? Reapers wametengeneza mwingine, naye amefungwa katika pango lile lile. Njia ni ile ile, vita ni vile vile. Ni kweli kuwa malkia wa kutengenezwa akiokolewa husaliti, na malkia wa kweli hutimiza neno lake. Lakini hayo mchezaji huyapata zaidi katika daftari la hesabu kuliko katika hadithi. Uhai na kifo cha kabila zima vimefikishwa mlango mmoja.

Mchezaji mmoja aliyeipitia hadithi mara mbili, mara ya kwanza akiwa amewaokoa watu wake na mara ya pili akiwa amewapoteza wengi kwa makusudi ili aone tofauti, alifikia hukumu ya kusikitisha. Alitazamia kuwa ulimwengu wa pili ungekuwa na jeraha. Aliukuta umevaa nguo nzima. Watu walikuwa pungufu, lakini kazi zilifanyika, milango ilifunguka, ramani haikuwa na mahali pasipopitika kwa sababu ya aliyekufa. Hapo alielewa kuwa kilichomhuzunisha katika safari ya kwanza hakikuwa uchache wa maneno ya rafiki zake. Kilikuwa hiki: hawakuhitajiwa. Mtu hujua thamani ya jino kwa pengo lake. Pengo likizibwa kabla ya ulimi kuligusa, jino lililosalimika nalo halina sifa.

Haya huonekana zaidi kwa Miranda Lawson. Katika sehemu ya pili yeye ndiye aliyesimamia kazi ya miaka miwili ya kumrudishia Shepard uhai. Alikuwa mkono wa kuume wa mkuu wa Cerberus, mtu aitwaye Illusive Man, na alijua nia zake, watu wake na njia zake. Mwishoni aliweza kumwasi. Sasa, katika sehemu ya tatu Cerberus ni adui mkubwa wa pili baada ya Reapers. Huvamia miji, huua viongozi, huiba elimu ambayo bila yake vita haviwezi kushindwa. Je, ni nani katika ulimwengu wote anayefaa kukaa katika merikebu ya Shepard kuliko mwanamke huyu? Lakini Miranda hukutana na Shepard kwa mazungumzo machache, akimtafuta mdogo wake Oriana, kisha huonekana tena katika kisa cha Horizon, mbele ya baba yake. Shepard anapovamia makao makuu ya Cerberus, mahali ambapo Miranda angejua watu na mambo yake, hayupo. Hata Jacob Taylor, aliyetumikia chama hicho hicho, hayupo. Masuala yao ya nyumbani yamemalizwa. Elimu yao imeachwa ioze. Mtunzi aliwakumbuka kama watu wenye ndugu na wapenzi, akasahau kuwa walikuwa watu wenye kazi.

Ingekuwa dhuluma kusema kuwa watunzi hawakujua njia nyingine, maana walionyesha kuwa waliijua. Mordin Solus, mwanasayansi wa Wasalarian, alishiriki zamani katika kuimarisha jenofeji, maradhi ya kutengenezwa yaliyowafanya Wakrogan karibu wakose uzazi. Katika sehemu ya pili aliitetea kazi hiyo kwa hesabu na mantiki, lakini maneno yake yalizidi kuwa mengi kila dhamiri ilipomsuta. Katika sehemu ya tatu yeye ndiye aletaye dawa. Juu ya mnara wa Tuchanka hupanda peke yake kuitawanya, akijua kuwa hatashuka. Kisa hicho hukumbukwa na wachezaji kuliko vingi vingine, wala si kwa sababu ni kirefu. Deni lilikuwa lake, na malipo yametoka katika mkono wake. Padok Wiks huweza kupanda mnara ule ule na kufa kifo kile kile, lakini kwake ni ushujaa tu. Kwa Mordin ni toba.

Kadhalika Wrex. Mchezaji akiwahadaa Wakrogan, akaiharibu dawa kwa siri, Wreav hatambui kamwe. Wrex hutambua, na huja kumkabili Shepard uso kwa uso, rafiki aliyegeuka mdai. Hapa mrithi hakupewa kila kitu cha aliyerithiwa. Akili na mapenzi ya Wrex havikuzibwa na mtu mwingine, na kwa hiyo uhai wake una uzito, hata pale unapomletea Shepard hatari.

Mfano mzuri kuliko yote uko Rannoch, nchi ya asili ya Waquarian, wanaopigana na mashine walizoziumba wenyewe, ziitwazo geth. Vita hivyo vyaweza kwisha kwa kuangamia kwa upande mmoja. Vyaweza pia kwisha kwa amani, lakini amani yataka watu wawili: Tali, binti wa Waquarian, na Legion, mjumbe wa geth. Akikosekana mmoja wao, amani haipatikani. Hapana mwingine awezaye kulisema neno lao. Mchezaji aliyemwacha Tali afe katika ngome ya Collectors, au asiyemwamsha Legion, hufika Rannoch akakuta mlango uliofungwa tangu miaka miwili iliyopita kwa mkono wake. Hapo pengo halikuzibwa. Na kwa sababu halikuzibwa, aliyewaokoa wote wawili hutazama jua la Rannoch likitua na kujua kuwa ule usiku wa hofu ulikuwa na maana.

Watunzi wana utetezi, na utetezi wao wastahili kusikilizwa. Neno la mhusika katika mchezo halikai kwenye karatasi tu; lazima litamkwe na mwigizaji, lichorwe usoni, lijaribiwe pamoja na maelfu ya maneno mengine. Kila njia inayogawanyika huongeza kazi mara mbili, na njia ambayo wengi hawatapita hugharimu sawa na njia kuu. Tena wako wachezaji walioanza na sehemu ya tatu, wasiojua Jack ni nani wala Samara ni nani. Bwana wa nyumba hawezi kuwapikia wageni waalikwa tu na kuwaacha wapita njia na njaa.

Lakini utetezi huu wajibu lawama ambayo si kubwa. Pengo si lazima ligharimu zaidi ya kizibo. Mara nyingine hugharimu pungufu. Kumwandika Dagg, kumpa sura, sauti na kifo, ni kazi. Kukiacha kikosi bila ya kiongozi, kikapotea, na Shepard akaja kuokota majina yao, ingekuwa kazi ndogo na huzuni kubwa. Shakespeare aliwaahidi watu mwishoni mwa sehemu ya pili ya Henry IV kwamba Sir John Falstaff atarudi katika mchezo unaofuata. Katika Henry V Falstaff hakanyagi jukwaa. Husikika tu habari ya ugonjwa wake na kifo chake, na rafiki zake humlilia, wakijua kuwa kukataliwa na mfalme ndiko kulikomvunja. Ahadi haikutimizwa kama ilivyotolewa. Lakini hapana Falstaff mwingine aliyeletwa kukalia kiti chake. Kiti kimekaa kitupu, na utukufu wote wa mfalme hupita kando ya kiti hicho. Aliyekosekana amepewa nguvu kuliko wengi waliohudhuria.

Mwezi wa Machi mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya sehemu ya tatu, ilitolewa nyongeza iitwayo Citadel. Ndani yake Shepard hupata nyumba, na wale walio hai katika masahaba wa zamani hualikwa karamuni. Hunywa, hutaniana, hulala kwenye makochi, hupiga picha ya pamoja. Wachezaji wengi waliipenda kwa mapenzi ya kweli, na haifai kuwabeza. Kuna machozi ya haki katika kuagana. Hata hivyo karamu ile yashuhudia upungufu ilioletwa kuufunika. Rafiki walikuwa na nafasi mezani, hawakuwa na nafasi vitani. Walikusanywa ili wapendwe, na mapenzi yao hayakukosekana hata siku moja; kilichokosekana ni kazi. Mwaka 2021 sehemu zote tatu zilikusanywa na kutolewa upya kwa sura nzuri zaidi, na watu waliozaliwa karibu na wakati ilipoanza hadithi waliweza kuicheza mfululizo bila ya kungoja miaka. Nao hukuta karamu imepambwa, na viti vya vita vimejazwa na wengine.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii kwa kawaida humpima rafiki, lakini humpima mtunzi pia. Akitaka watu wamwamini mhusika, ampe dhiki ambayo mhusika huyo peke yake aweza kufaa ndani yake. Na asipokuwapo, dhiki ibaki dhiki. Mchezaji aliyepewa uhuru wa kupoteza anastahili kupewa hasara yenyewe. Akilindwa asiione, huwa ameporwa pia faida, kwa maana vitu hivi viwili ni pande mbili za sarafu moja. Uhuru usioacha alama duniani ni heshima ya mdomo. Na mhusika arudiye katika ulimwengu ambao ungekwenda vile vile bila yeye hakurudishwa. Amepitishwa tu mbele ya dirisha, akapungiwa mkono, na wenye nyumba wakaendelea na chakula.